Maharage sawa, ila chai isubiri

Asiyekula nyama anaweza kupata chuma cha kutosha sahanini. Kazi iko kwenye kunyonywa, maana chuma cha mimea mwili hukichukua kwa shida. Kikombe cha kamande zilizoiva kina miligramu 6 na ushee, lakini kinachoingia kwenye damu ni sehemu ndogo tu.

Mharibifu mkuu ni chai. Ile ya rangi inayosindikiza chapati maharage ina tanini, nazo hukamata chuma tumboni kabla hakijanyonywa. Kuiongeza maziwa hakusaidii. Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Kahawa vilevile.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya, fiteti (kemikali ya mbegu inayozuia chuma kunyonywa) hupungua. Limau kamulia baada ya kuepua, kwani moto huharibu vitamini C, ambayo ndiyo husaidia chuma kunyonywa. Kachumbari yenye hoho mbichi, au pera bivu, hufanya kazi hiyohiyo.

Mchicha (samahani wapenzi wake) husifiwa kupita uwezo wake. Afadhali mchuzi wa nyanya uliopikwa kwenye karai la chuma: ukali wa nyanya huchota chuma. Sufuria ya alumini haina cha kutoa.

Vidonge? Pima damu kwanza. Chuma kikizidi hudhuru ini.