Siku moja maishani mwangu: kuyasubiri maji ya Takwa

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijatia udhu nimeshahesabu mwezi. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu mwezi uandame. Kwa nahodha wa Lamu hiyo ndiyo ratiba nzima: maji yatakupwa saa mbili asubuhi, yatajaa saa nane mchana, na mto wa Takwa, uendao kwenye magofu ya mji wa kale wa jina hilo, utaingilika kuanzia saa saba hivi. Kabla ya hapo ni tope tupu.

Tunauita mto, ingawa maji yake ni ya chumvi. Ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya kisiwa cha Manda ukakaribia kukikata vipande viwili, mikoko huku na huku. Kazi yangu ni kupitisha wageni humo kwa mashua ya tanga.

Saa mbili. Mashua imelala ubavu juu ya mchanga, nami niko chini yake nakalafati. Kuna mshono mmoja karibu na mkuku uliokuwa unavuja tangu juzi. Pamba naisokota iwe nene kama kidole cha mtoto, naichovya kwenye mafuta, kisha naipigilia kidogo kidogo kwa chembeu na nyundo ya mti. Ukisikiliza utajua: mshono wenye njaa hutoa sauti nzito, ukishiba nyundo hulia kavu.

Mpwa wangu, ambaye ndiye baharia wangu, anakuja na hoja yake ya kila siku. "Mjomba, tufunge mashine. Twende na kurudi mara mbili kwa siku." Nimemwambia mashine tutabeba kwa dharura, lakini mtoni haiwashwi. Amenyamaza kwa adabu. Najua hajakubali, na simlaumu. Ana nyumba ya kujenga.

Saa nne. Wageni wamefika gatini: mume na mke wastaafu kutoka Uingereza. Nimeanza kama ninavyoanza siku zote, kwa kuomba radhi. Samahani, itabidi tusubiri maji. Mama yule uso ukamchangamka, akamgeukia mumewe: "Hata hapa!"

Saa tano mpaka saa saba. Kaskazi inavuma vizuri, tumebisha, yaani kugeuza tanga dhidi ya upepo, mara nne kuvuka, kisha tumetia nanga karibu na mdomo wa mto. Mpwa wangu anachoma changu juu ya jiko la makaa, wali wa nazi umeshaiva, na mama yule ananionyesha picha kwenye simu.

Kila mwaka, mwezi mmoja, wao huishi ndani ya mashua ndefu na nyembamba kwenye mifereji ya kwao. Upana wake ni kama mita 2 tu. Nikamuuliza kwa nini wasijinafasi. Akasema mashua haiwezi kuwa pana kuliko milango ya maji inayopita. Nikamwomba anieleze milango hiyo, akachora kwa kidole juu ya ubao uliolowa.

Mfereji ukifika kwenye mlima, hujengwa chumba cha mawe chenye lango mbele na lango nyuma. Mashua inaingia, lango la nyuma linafungwa, kisha watu wenyewe wanazungusha mkono wa chuma kufungua vijilango vidogo. Maji ya juu yanateremka ndani ya chumba na kuinyanyua mashua taratibu mpaka ilingane na mfereji wa juu. Hakuna pampu inayoiinua. Ni uzito wa maji tu. Mji wa Devizes una milango 29 kwenye kilima cha Caen Hill, na kuimaliza ni kazi ya saa tano au sita.

Nimeishi na maji miaka yote, na sikupata kufikiri kwamba mtu anaweza kujitengenezea bamvua lake, maji makuu ya kujaa, ndani ya sanduku la mawe.

Mume ndiye mwenye historia. Mifereji ilichimbwa kwa ajili ya mizigo. Ule wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester, farasi akitembea ukingoni na kamba, mashua ikifuata. Reli zikaja zikainyang'anya kazi, mingine ikajaa matope, hadi mwaka 1946 raia wakaunda chama, Inland Waterways Association, kuipigania. Sasa makaa hayapiti, wanapita watu wa likizo, na sheria ni maili nne kwa saa, kama kilomita 6. Mtu mwenye haraka akitembea ukingoni anakuacha.

Hapo nikawasimulia marehemu baba. Alikuwa mkata boriti katika mikoko hii hii. Boriti za Lamu zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Na nyumba zetu za mawe za kale zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki. Chumba nilichozaliwa kilipimwa na mti, mashua yao imepimwa na lango. Tulikaa kimya kidogo, kisha samaki akawa tayari.

Saa saba. Maji yameingia. Tumeshusha tanga, mpwa wangu ameshika pondo, mti mrefu wa kusukumia mashua. Ndani ya mto upepo unakatika ghafla, unasikia pondo likichomoka topeni na kaa wakikwaruza mizizi. Yangeyange mmoja ametutangulia, anaruka hatua chache, anatua, anaruka tena. Mbegu ya mkoko, ndefu na kijani, imedondoka mbele yetu: chubwi! Ikazama, ikaibuka, ikasimama wima majini ikaanza safari. Mama yule aliifuata kwa macho mpaka kona. Mashine ingeyafunika yote haya, na mawimbi yake yangeng'oa miche iliyoshika jana.

Saa nane. Takwa. Msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kuta, mibuyu, na kaburi la nguzo lenye tarehe 1094 Hijria, yaani 1683. Mfereji wao wa makaa ulikuwa haujachimbwa bado. Watu wa kijiji cha Shela, wenye asili yao hapa, bado huja kuzuru na kuomba mvua.

Sikai sana. Mwaka juzi nilichelewa kwa mazungumzo, maji yakatukimbia, nikakaa na wageni juu ya tope mpaka usiku, mbu wakitula. Kosa lilikuwa langu.

Saa tisa. Tumetoka na maji yanayokupwa. Wageni waliomba kushika pondo. Mume alikuwa na mkono mzuri kushinda nilivyotegemea.

Saa kumi na mbili. Nimefua maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya mashua, na ule mshono umekauka kabisa. Baada ya Magharibi nimewaandikia wageni wa kesho. Siku zote ujumbe wangu huanza na samahani. Leo nimeandika: "Maji yatajaa saa tisa kasorobo. Njooni saa nne, tuyasubiri pamoja."