Ndoo ya Rangi Nyekundu

Agosti 2018 watu wa ramani kutoka pembe zote za dunia walihamia Shaaban Robert. Namaanisha mtaa, si mshairi: ule unaopita kando ya Makumbusho ya Taifa hadi Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Kongamano lenyewe linaitwa FOSS4G, na kila mwaka huwakutanisha wanaotengeneza na kutumia programu huria za ramani: waandishi wa programu, wahadhiri, wanafunzi, watu wa mashirika, na wale wanaokesha nyumbani wakichora barabara za nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga, bila kulipwa hata senti. Afrika lilikuwa limefika Cape Town tu, mwaka 2008. Miaka 10 baadaye likaja kwetu, tarehe 29 hadi 31, na kaulimbiu ikawa asiachwe mtu nyuma.

Halikuja Dar kwa kupotea njia. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulikuwa ukiwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzichora kata za jiji, hasa zinazofurika, na kuziingiza kwenye OpenStreetMap. Hiyo ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri kama anavyohariri Wikipedia. Nilikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Wenzangu wengi walikuja kongamanoni kama wasaidizi, wakiwaelekeza wageni vyumba na vyoo. Mimi nikapata nafasi fupi ya kuzungumza, na tangu nilipoambiwa sikulala vizuri.

Mhadhiri aliyekuwa akitusimamia alinipa ushauri mmoja tu. “Usiende kuwalilia shida za Kigogo,” alisema. “Waeleze mmepimaje.”

Basi nieleze na hapa, maana ndiyo sehemu ninayojivunia. Kigogo iko kwenye bonde la Msimbazi, na kila mkazi wa siku nyingi anayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyokuja siku chache kabla ya Krismasi. Kazi yetu ilikuwa kujua maji yalifika wapi na yalikuwa na kina gani. Lakini watu hawayakumbuki maji kwa sentimita. Wanakwambia maji ya goti, maji ya kiuno, maji ya kifua. Kiuno cha nani sasa? Nilikutana na baba mmoja mrefu kama mnazi ambaye kiuno chake kilikuwa kifua changu. Tukawa tunaomba tuoneshwe ukutani. Nyumba nyingi zilikuwa bado na doa la tope chini ya plasta, mstari wa kahawia ambao chokaa haikuufunika sawasawa. Tunanyoosha futi kamba, tunaandika. Kisha tunamuuliza jirani, peke yake, asisikie jibu la mwenzake, na jirani wa tatu vilevile. Majibu yakikaribiana, tunachukua nukta kwa GPS. Jioni tunarudi kwenye kompyuta kuchora nyumba, vichochoro, mitaro na makalavati, na kila alama tunayohifadhi inabaki na jina la akaunti ya aliyeichora. Baadaye programu ya InaSAFE, iliyoanzia Indonesia, inalaza mafuriko juu ya nyumba na kutoa makadirio ya wangapi wataguswa maji yakirudi.

Hayo yote yalienea kwenye slaidi. Kilichokuwa hakienei ni mjumbe wa shina aliyetutembeza.

Alikuwa mama mtu mzima, mkavu wa maneno, anayejua kila mlango na nani anadaiwa kodi. Bila yeye tusingefunguliwa hata geti moja, na sababu si ngumu kuijua. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Kabla ya tingatinga ilitangulia rangi: alama ya X nyekundu ukutani, na ukiipata unajua siku zako zinahesabika. Baada ya hapo kijana yeyote aliyeshika kifaa na karatasi alidhaniwa ni mtu wa kupaka rangi. Watoto walikuwa wakitangulia mbele yetu wakipiga kelele, “Wa X hao!” Mjumbe ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha, na akishawanyamazisha anatugeukia sisi na jicho lenye swali lilelile.

Siku moja akaliuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la muuza kahawa tukisubiri mwenzetu abadilishe betri.

“Mwanangu, hii ramani ikishaisha, nani ataiona?”

“Kila mtu, mama,” nikamjibu, na ninakumbuka kifua kilivyonijaa, maana ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini. “Ya wote. Hata ukiwa na simu tu.”

“Kila mtu.”

“Dunia nzima.”

“Na wenye ndoo ya rangi?”

Nikamweleza kwamba hatuandiki majina ya wenye nyumba. Ni kweli, OpenStreetMap haihifadhi jina la mkazi; jengo ni umbo tu juu ya ardhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kahawa yake.

“X nayo haikuandikwa jina la mtu,” akasema, akanyanyuka.

Niliyabeba maneno hayo hadi Shaaban Robert. Nilipanda mwendokasi ya asubuhi. Jangwani palikuwa pakavu, kipupwe kikipuliza vumbi, mahali ambapo Aprili ya mwaka huohuo maji yalikuwa yamefunga barabara. Ndani ya ukumbi baridi ya kiyoyozi ilinikuta na nguo nyepesi. Wageni walikuwa wamevaa fulana zenye nembo za programu na makongamano ya nyuma, kama mashabiki wa mpira, wakikumbatiana kwa furaha ya watu waliojuana miaka kwa barua pepe tu. Siri ya makongamano ya namna hii, nilikuja kuigundua, iko kwenye chai. Kikaoni watu wanasoma slaidi zao. Kwenye foleni ya sambusa ndiko unakomkuta aliyeandika kile kipande cha programu kilichokusumbua wiki nzima, na anakuomba radhi huku akitafuna.

Nilihudhuria vikao vya kitaaluma kadiri nilivyoweza. Suala lililokuwa likirudi ni ubora: data iliyochorwa na yeyote inaaminikaje? Watafiti wamelihangaikia kwa miaka. Kazi ninayoipenda mpaka leo ni ya Muki Haklay, iliyochapishwa 2010. Alilinganisha barabara za OpenStreetMap za Uingereza na zile za wapimaji rasmi wa nchi hiyo, akakuta kwamba kwa wastani zinapishana mita 6 hivi. Wengi huishia kuitaja hiyo namba. Mimi huvutwa na kitu kingine alichokikuta: maeneo ya watu maskini yalikuwa yamechorwa kidogo kuliko ya wenye nazo. Kwetu fedha zilifuata mafuriko, kwa hiyo mabonde ndiyo yaliyopimwa mtaro kwa mtaro. Maskini wa London alisahauliwa na ramani, wa Kigogo akaangaliwa mpaka kizingitini. Sikuwa na hakika ni yupi kati yao mwenye nafuu.

Zamu yangu ikafika. Nilieleza tulivyopima, kama nilivyoshauriwa. Swali la kwanza lilitoka kwa mtafiti wa Ulaya: tulijuaje kwamba watu hawakuzidisha kina cha maji ili wapate msaada? Nikamwambia mtu anaweza kutia chumvi, ukuta hauwezi, nikamwonesha picha ya mstari wa tope. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikadhani nimemaliza.

Mzee mmoja wa Kitanzania akanyoosha mkono nyuma kabisa. Mkutano mzima ulikuwa kwa Kiingereza. Yeye akauliza kwa Kiswahili, polepole, bila kuomba samahani: “Binti, wenyewe mliowapima walisemaje?”

Ningeweza kumjibu kwa adabu kwamba jamii ilishirikishwa. Ndiyo sentensi inayoandikwa kwenye kila ripoti. Badala yake nikamsimulia habari ya benchi la kahawa, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya wengine. Na nikaongeza la kwangu: leseni ya data yetu, ile iliyoanza kutumika 2012, haimchagui mtumiaji. Anayechimba mtaro anaruhusiwa, muuza viwanja anaruhusiwa, na mwenye ndoo ya rangi anaruhusiwa, mradi wote wataje chanzo.

Chumba kikachangamka. Kijana mmoja mwenye ndevu alisimama kusema data ni huria au si huria, hakuna nusu. Ukianza kuchagua nani aione, umeshaua kitu chenyewe. Watu kadhaa wakampigia makofi. Dada mmoja wa Unguja akasema wao hawaanzi kazi kabla ya kukaa na sheha, na wakimaliza humrudia tena, kwa sababu kuomba ruhusa mwanzoni peke yake ni nusu ya adabu. Msimamizi wa kikao akaonesha kikaratasi cha muda. Hakuna aliyekijali mpaka alipokipunga mara ya tatu.

Mchana, kwenye pilau, alikuja kukaa nami mama mmoja wa Indonesia. Alinieleza kwamba Jakarta, mwaka 2012, viongozi wa mitaa waliitwa wakae na wanafunzi wa chuo kikuu mbele ya kompyuta waonyeshe mipaka na majengo yao kwa kidole, ili jiji lijiandae na mafuriko. Ni njia ileile iliyokuja kutumika Dar. Nikamuuliza kama nao waliogopa kuhamishwa. Akanitazama kidogo, akasema walioogopa walionyesha zaidi: walitaka ionekane kwamba wapo, ni wengi, na kina mama wanachota maji wapi. Sikulikubali lote. Kuonekana kumewaponza wengi. Lakini hata mimi, nikiulizwa, nasimama upande wa ramani iliyo wazi, kwa sababu moja isiyo na ushairi: rangi ile ya 2015 haikuisubiri OpenStreetMap, ilipita ukuta kwa ukuta kwa miguu yake. Ramani ikifichwa, anayeikosa ni mjumbe.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kigogo na ramani ya kata iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, tukaibandika kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Nilimsimulia mjumbe kwamba maneno yake yamesikika na watu wa mataifa mengi. Hilo halikumgusa. Alivaa miwani, akaanza kufuata kwa kidole mtaro wa nyuma ya nyumba yake, taratibu, kalavati baada ya kalavati, mpaka mahali ambapo mtaro unaishia ghafla kwenye mstari mnene.

“Hapa ni nini?”

“Ukuta, mama. Mtu amejenga juu ya mtaro.”

“Namjua. Tumemlalamikia mpaka tumechoka, na kila akiitwa anasema hapakuwa na mtaro.” Akausogelea mstari ule. “Na huu ukuta wake nao unaonekana dunia nzima?”

“Unaonekana.”

“Haya,” akasema, akivua miwani. “Nichapie na ndogo ya kubeba mkononi. Jumatatu tuna kikao, naye ameitwa.”