Nilivyoanza kuchagua fahali kwa kuangalia uzazi

Ng'ombe wangu walikuwa wakikamuliwa vizuri, ila kushika mimba ndiyo ilikuwa kazi. Unampandisha leo, baada ya siku 21 unamkuta amesimama kimya anapandwa na wenzake, ute unaning'inia, unaanza upya. Nilishughulikia kwanza malisho, madini na kumtambua mapema aliye kwenye joto. Hali ikawa afadhali. Ndipo nikageukia mbegu yenyewe ya fahali, ile ya kupandikizwa kwa mrija.

Kilichonifungua macho ni kwamba kwenye orodha ya mafahali ambao mbegu zao zinauzwa, uzazi umegawanyika mara mbili. Kuna uwezo wa mbegu za fahali kumshikisha mimba ng'ombe unayempandisha leo, halafu kuna uwezo wa mabinti zake kushika mimba wakishakua. Fahali anaweza kuwa hodari kwenye la kwanza akakuachia mitamba wasumbufu. Kwenye orodha za Marekani la kwanza huandikwa SCR, la pili DPR. DPR ya fahali ikipanda kwa 1, mabinti zake wanapunguza siku kama 4 za kukaa bila mimba baada ya kuzaa.

Niliamua DPR iongoze, kwa sababu binti anabaki zizini miaka na yeye mwenyewe anazaa mabinti. Wapo wanaosema ni kujisumbua bure, kwa kuwa urithi wa sifa hii ni kama asilimia 4 tu, mengine yote ni matunzo na mazingira. Hiyo asilimia ni kweli. Lakini tofauti kati ya fahali na fahali ni kubwa, na kile kidogo kinachorithiwa kinajilimbikiza kizazi hadi kizazi. Tena jeni za maziwa mengi kwa kawaida huvuta uzazi chini, kwa hiyo anayechagua maziwa peke yake hasimami palepale, anarudi nyuma.

Kilichonichukua muda kukielewa ni haplotaipu, yaani vipande vya kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni, vinavyorithiwa vikiwa vizima. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitafuta vipande ambavyo ni vya kawaida kwenye aina fulani ya ng'ombe, lakini hakuna mnyama hai aliyekipata kimoja kutoka kwa baba na mama kwa pamoja. Kukosekana huko ndiko kulikowapa jibu: wanaokirithi pande zote mbili wanakufa tumboni. Kimojawapo kwa ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein ni HH1, ambacho chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni iitwayo APAF1. Kilifuatiliwa hadi kwa Pawnee Farm Arlinda Chief, fahali aliyezaliwa 1962, ambaye maziwa ya mabinti zake yalimfanya atumike kote duniani. Hitilafu aliyoibeba imekadiriwa kusababisha mimba takriban nusu milioni kuharibika. Ng'ombe aina ya Jersey nao wana chao, JH1.

Hapo nikaanza kuandika kwenye daftari, mbele ya jina la kila ng'ombe, baba yake na hali yake ya haplotaipu. Kwenye ukoo wa fahali HH1T ni aliyepimwa akakutwa salama, HH1C ni mbebaji, yaani anacho kutoka kwa mzazi mmoja tu na yeye mwenyewe ni mzima. Hesabu yake ni nyepesi. Mbebaji kwa mbebaji, robo ya mimba haifiki mwisho. Ukimpandisha binti wa mbebaji ambaye hujampima kwa fahali mbebaji, uwezekano wa binti kuwa nacho ni nusu, kwa hiyo unategemea kupoteza mimba 1 kati ya 8. Sikuwaondoa wabebaji wote, maana wengine wana sifa nzuri mno. Ninachokataa ni kuwakutanisha, na kabla mrija wa mbegu zilizogandishwa haujayeyushwa, mhimilishaji wangu, yaani anayepandikiza mbegu hizo, ananisomea namba ya fahali iliyochapwa juu yake, nami nailinganisha na daftari.

Mitamba waliotokana na uchaguzi huu wanashika mimba mapema kuliko mama zao. Siwapi mafahali sifa yote, kwa kuwa malisho nayo yalibadilika. Kwa sasa natumia zaidi mafahali vijana waliopimwa jenomu, yaani waliokadiriwa kwa kusoma jeni zao, na kwa kuwa bado hawana mabinti wa kuwathibitisha, nachanganya mbegu za kadhaa badala ya kumwegemea mmoja. Makadirio yao yakitoka upya narudi kwenye daftari, na ambaye DPR yake imeshuka simwagizi tena, hata kama maziwa yake yanavutia.