Nimerudi kazini na mtoto bado ananyonya

Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua mapacha. Kliniki nayo itakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe, mpaka atimize miezi 6. Siku 84 ni wiki 12. Kwangu hata hizo hazikutimia baada ya kujifungua, maana sheria inaruhusu kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio, na mimi miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vilivyoniingia ni kandambili za mume wangu tu. Nikaanza mapema. Siku narudi ofisini mtoto alikuwa na miezi miwili na ushee.

Ni mhasibu kwenye kampuni binafsi karibu na Posta, Dar es Salaam, na nakaa Kimara. Anayeyajua mabasi ya mwendokasi ya asubuhi hahitaji maelezo zaidi. Kutoka mchana, kwenda kunyonyesha na kurudi kazini halikuwa jambo la kufikiria. Kwa hiyo ilibaki njia moja: maziwa yabaki nyumbani, mimi niende.

Wa kwanza kulipinga wazo hilo alikuwa mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kunilea uzazi. Kwa supu na maji ya moto sina la kumlipa. Lakini kwenye suala la maziwa aliniambia waziwazi: "Mwanangu, usijitese. Maziwa ya ng'ombe yapo, uji mwepesi upo. Huyo mumeo nilimpa uji hajafikisha miezi mitatu, na unamwona alivyo." Kubishana na mama mkwe juu ya malezi ya mtoto wake ambaye sasa ana ndevu ni kazi bure. Nikamwomba anisindikize kliniki siku ya chanjo. Nesi alimwamkia vizuri, akamkalisha, akamweleza kwamba maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto mdogo zinavyoweza kuhimili, na kwamba kinachowaletea wengi kuhara ni maji na vyombo. Akamwambia pia, "Bibi, wewe ndiye utakayelinda hayo maziwa mama akiwa kazini." Tangu siku hiyo hakuna mlinzi aliyekuwa mkali kama yeye. Jirani alikuja siku moja na maji ya glukosi, akarudi nayo.

Kukamua nilianza nikiwa bado likizo, na ningemshauri yeyote afanye hivyo. Mashine zipo Kariakoo, za mkono na za umeme, ila vipande vyake ni vingi na kila kimoja kinataka kuchemshwa. Nilitumia mikono. Unanawa kwa sabuni, unaweka kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi kwa dakika chache, unalikanda taratibu kuelekea mbele. Kisha dole gumba linakaa juu na kidole cha shahada chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu. Unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Huvuti chuchu wala huburuzi vidole kwenye ngozi. Pakiuma, ujue mkono umekaa pabaya. Dakika za mwanzo hutoka matone tu, wengi wetu hukata tamaa hapo hapo. Endelea. Ghafla yanaanza kuruka kama bomba lililofunguliwa, na hapo unazungusha vidole upande mwingine ili pote patoke.

Asubuhi ndiyo neema. Mtoto akiwa ananyonya upande mmoja, ule mwingine unachuruzika wenyewe, mimi nakinga kikombe chini. Mchana napata kidogo, jioni kidogo zaidi. Wenzangu walinishauri pweza, karanga, uji wa pilipili manga, na vyote nilikula kwa furaha kwa sababu ni vitamu na mwenye kunyonyesha ana njaa ya ajabu. Lakini kilichoongeza maziwa ni kuyatoa. Titi linalokamuliwa linatengeneza mengine. Linaloachwa limejaa linapunguza kasi. Siku nilizoruka zamu moja ofisini kwa sababu ya kikao, kesho yake niliona upungufu kikombeni, hata kama usiku nimekunywa sufuria zima la mtori.

Kuhifadhi ndiko kulikonipa mawazo zaidi. Kwenye joto la chumba la nyuzi 25 maziwa yaliyokamuliwa hukaa mpaka masaa 4, kwenye friji mpaka siku 4, kwenye friza yakawa bora ndani ya miezi 6. Hizo nyuzi 25 Dar es Salaam utazipata Julai, tena usiku. Mwezi wa pili sikuyaacha mezani hata kidogo. Nilinunua vikopo vidogo vya mfuniko, nikawa naweka kiasi cha mlo mmoja kila kimoja ili kusiwe na cha kumwaga, naandika tarehe kwa maka peni, navipanga nyuma kabisa ya friji na siyo mlangoni, ambako joto linaingia kila mtu akitafuta maji baridi. Vya zamani vinatangulia kutumika. Yaliyotoka kwenye friza yanayeyuka kwenye friji usiku, yanatumika ndani ya masaa 24 na hayarudi tena kwenye barafu. Ya kupasha moto unakiweka kikopo ndani ya bakuli la maji ya moto, jikoni hayaendi. Na umeme ukikatika friza haifunguliwi, hata mtu alie. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo ikawa inaangaliwa kila jioni, jambo ambalo nyumba yetu ilikuwa haijawahi kufanya kwa hiari.

Kuna siku dada wa kazi alinipigia simu nikiwa ofisini, sauti imemtoka: "Mama, maziwa yameharibika, yamejigawa." Yalikuwa mazima. Maziwa ya mama yakitulia, mafuta yanapanda juu na chini panabaki maji yenye rangi ya samawati hafifu. Unakitikisa kikopo taratibu yanarudi kuwa kitu kimoja. Mengine yakikaa kwenye friji yananuka kama sabuni, nayo hayana ubaya mtoto akiyakubali. Haya mwambie mapema atakayebaki na mtoto, la sivyo kazi ya nusu siku inamwagwa kwenye sinki.

Chupa hatukutumia. Nesi alitufundisha kikombe kidogo, na mwanzoni nilidhani ananitania. Mtoto anakalishwa wima mapajani, mikono imefungwa kwenye khanga isipige kikombe, ukingo unagusa mdomo wa chini na maziwa yanafika kwenye midomo. Yeye mwenyewe anayalamba. Humwagii mdomoni, atapaliwa. Kikombe ni rahisi kuosha, hakina kona za kufuga uchafu. Tatizo ni kwamba mwanangu alikikataa katakata kila nilipokuwa karibu. Akisikia harufu yangu, kikombe cha nini? Ikabidi niwe natoka, naenda kukaa saluni kwa jirani, wakati bibi na dada wanamjaribu. Alipoona hakuna mwingine, akanywa.

Sasa ofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hatuijui, na wanaoijua wanaona haya kuitaja. Niliandika barua kabla likizo haijaisha, ukurasa mmoja, nikataja kifungu na kuomba mgawanyo: nusu saa asubuhi, nusu saa mchana za kukamua, na saa moja niondoke mapema. Bosi wangu si mtu mbaya, lakini alishangaa. "Kwani mtoto yuko hapa?" Nikamjibu, "Mtoto hayupo, bosi, ila chakula chake kinatengenezwa hapa." Alicheka, akasaini.

Mahali ikawa kesi nyingine. Walinielekeza chooni. Nikasema kwa upole kwamba humu ofisini hakuna anayeandalia chakula chake chooni. Tukaishia stoo ya mafaili, yenye kiti, feni mbovu na kitasa kinachofungwa kwa ndani. Nilijifunika khanga, naweka picha ya mtoto kwenye simu, maana nikiwa na hasira za makaratasi maziwa hayashuki. Vikopo vilikaa kwenye friji ya ofisi ndani ya mfuko mweusi, na jioni vilipanda mwendokasi ndani ya deli dogo lenye barafu. Abiria mmoja aliwahi kuniuliza kama nauza aiskrimu.

Mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu, niliruka zamu mfululizo kwa sababu wakaguzi walikuwa ofisini. Jioni moja nikahisi uvimbe mgumu upande wa kushoto, ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, usiku nikatetemeka kwa homa nikadhani ni malaria. Zahanati walinipima, malaria hakuna, ni uambukizo kwenye titi. Nilipewa antibiotiki zinazofaa kwa anayenyonyesha, na nikaambiwa niendelee kunyonyesha upande ule ule. Mama mkwe aliogopa kwamba mtoto atakunywa usaha, lakini muuguzi alisema maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na titi likiachwa limejaa ndipo linapoweza kufanya jipu. Kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha kilinisaidia maumivu kuliko nilivyotarajia. Baada ya hapo, wakaguzi au siyo wakaguzi, saa nne unusu mtu alinitafuta stoo.

Jambo lingine halitajwi sana. Wengi wanaamini anayenyonyesha hashiki mimba. Hilo lina masharti matatu kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajafikisha miezi 6, na ananyonya maziwa yako tu, mchana na usiku. Ukianza kuwa mbali naye kutwa na kukamua badala ya kunyonyesha, kinga hiyo inapungua. Nilipitia huduma ya uzazi wa mpango kabla ya kurudi kazini, nikachagua kijiti cha chini ya ngozi ya mkono, ambacho hakina homoni ya aina inayoweza kupunguza maziwa. Vidonge vya wanaonyonyesha na kitanzi pia vilikuwepo.

Usiku haukuwa rahisi. Mtoto alikunywa kidogo mchana akanidai usiku kucha, kana kwamba anakusanya madeni. Mume wangu akachukua kazi ya nguo, vyombo na kumcheulisha mtoto saa kumi alfajiri, na Jumamosi mchana nililala mlango umefungwa. Hata hivyo wiki za mwanzo nililia ndani ya basi bila sababu ninayoweza kuitaja. Kliniki nesi aliniuliza moja kwa moja: unalala mtoto akilala? Unakula? Umewahi kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto? Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Yakidumu zaidi, au yakija baadaye na kukuondolea usingizi na hamu ya mtoto, hiyo ni hali ya kutibiwa, kama ilivyo homa ya titi. Mimi nilihitaji kupumzika na mtu wa kuongea naye, na alinipangia kurudi kumwona kila tunapoleta mtoto kupimwa uzito. Wapo wanaohitaji dawa, na zipo zinazotumika huku mama ananyonyesha.

Sasa mtoto amevuka miezi 6, anakula uji wa lishe na viazi vilivyopondwa na anampiga dada kwa kijiko. Ananyonya asubuhi, jioni na usiku. Ofisini nakamua mara moja tu, saa saba mchana, na mwenzangu wa idara ya mauzo aliyerudi kutoka likizo mwezi uliopita naye anaitaka stoo saa hiyo hiyo. Bado tunagombania ufunguo.