Kasha la Yehoyada na Paa la Mahujaji

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo la wiki hii ni 2 Wafalme 12:4-15. Mfalme Yoashi aliagiza fedha za sadaka zitengeneze mabomoko ya nyumba ya Bwana, lakini mwaka wa 23 wa utawala wake ulifika na mabomoko yako palepale. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume. Kila lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja, zikaenda kwa maseremala, waashi na wakata mawe. Mstari wa 13 unaongeza kwamba hazikutumika kutengeneza vikombe vya fedha wala tarumbeta. Zilinunua mbao na mawe.

Mstari huo umenirudia mara nyingi nikiwawaza wanaochangisha fedha za kukarabati hosteli za wanaohiji kwa miguu. Tunapenda kutoa kwa ajili ya kitu kitakachoonekana, kengele au sanamu. Anayeomba mchango wa vigae na mabomba ya choo ana kazi ngumu zaidi.

Pale Rabanal del Camino, Hispania, kwenye njia ya kwenda kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, nyumba ya parokia ilikuwa gofu. Chama cha mahujaji cha Uingereza kilichangisha fedha kwa wanachama na marafiki, kikashirikiana na wenzao wa eneo la Bierzo, na mwaka 1991 nyumba ikafunguliwa kwa jina la Gaucelmo, mtawa aliyewajengea mahujaji makao mlimani Foncebadón mwanzoni mwa karne ya 12. Wanaohudumu humo ni watu wa kujitolea. Wengi wa waliochanga hawatawahi kumjua mtu atakayelala chini ya paa lile.

Na anayefika, anafikaje? Viatu vinabaki mlangoni. Soksi zinavuliwa taratibu kwa sababu zimegandana na malengelenge yaliyopasuka. Anatafuta maji, kisha kamba ya kuanikia nguo, kisha kitanda, maana kesho alfajiri kuna mlima, na Santiago bado iko zaidi ya kilomita 200 mbele. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inataka wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe, na uangalifu mkubwa zaidi uwekwe kwa maskini na mahujaji. Kwa mtu huyu, bomba lisilovuja ni sehemu ya mapokezi hayo.

Neno moja kwa wanaoshika fedha. Mstari wa 15 unasema wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Tafadhali tusijifiche nyuma ya mstari huo. Wao walikabidhiwa fedha ambazo tayari watu wawili walikuwa wamezihesabu pamoja. Mjane aliyetoa kidogo alichonacho anastahili kujua kimenunua nini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekosa nafasi katika nyumba ya wageni siku ya kuzaliwa kwako, wabariki wanaobisha milango wakiomba michango, na mafundi walio juu ya mapaa. Na usiku huu, mpe kitanda kila aliye njiani. Amina.