Rukia Swali la 31

Msimu wa karafuu wa mwaka 1998 ulinikuta Pemba, upande wa Wete, na mkoba uliojaa madodoso. Nilikuwa daktari mchanga, miaka miwili tu tangu nimalize Muhimbili, na ule ndio utafiti wangu wa kwanza. Tulitaka kujua kwa nini akina mama hawaji kuchukua njia za uzazi wa mpango hali ya kuwa vidonge, sindano na vitanzi vipo vituoni bila malipo. Mimi ni mtoto wa Unguja na nilidhani jibu nalijua: waume hawataki, au masheikh hawataki. Nilikuwa nimeikariri hadithi ya Jabir, kwamba Masahaba walifanya azli, yaani kumwaga mbegu nje, na huku Qur-ani inateremka, nimjibu nayo yeyote atakayenisimamisha njiani. Hakuna aliyenisimamisha.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa na ua wa makuti, na ndani yake wanawake saba au wanane wamekaa majamvini wanachambua karafuu. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikapewa kigoda. Nilikiacha kigoda nikakaa jamvini pamoja nao. Nikawa nachambua kidogo, naandika kidogo, vidole vyangu vimeshaanza kunata kwa mafuta ya karafuu na kuyachafua madodoso.

Kila niliyemuuliza kwa nini hatumii njia yoyote alinipa jibu moja: "Sindano inafunga kizazi." Dodoso lilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "imani potofu". Nikakitia alama mara sita.

Wa saba alikuwa amekaa pembeni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kanga kaifunga hadi kidevuni. Nilimuuliza umri, mwaka aliofunga ndoa, idadi ya watoto. Hana. Ana mimba? Hana. Hapo dodoso lilikuwa na maelekezo kwa anayeuliza: kama hana mtoto wala mimba, rukia swali la 31. Nami nikaruka. Swali la 31 lilikuwa: je, nyumbani kwenu mna redio?

Vidole vyake vikasimama.

"Daktari," akasema, "hawa wote umewauliza uzazi wao. Mie umeniuliza redio."

Ua mzima ukanyamaza. Aliyevunja ukimya ni mkwewe, bibi mwenye sauti nzito, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Huyo hana kizazi, mwanangu. Alichomwa sindano kituoni, ikamfunga. Ndilo hilo tunalokwambia tangu ulipoingia."

Imani potofu niliyoitia alama mara sita ilikuwa na uso, na uso wenyewe ulikuwa umenikalia mbele.

Nikaliweka dodoso chini, nikamwomba anihadithie. Miaka saba nyuma alishika mimba, ikaharibika ikiwa na miezi minne. Baada ya hapo alipata homa siku kumi, tumbo la chini likimkata hata kusimama hawezi. Alichemshiwa miti shamba, homa ikatulia. Alipofika kituoni akachomwa sindano moja ya kupumzisha kizazi. Hedhi ikapotea miezi kadhaa, ikarudi. Mimba haikurudi.

Nikawaambia ninachokijua. Sindano ile, miligramu 150, inazuia mimba kwa miezi mitatu. Ni kweli inachelewesha kurudi kwa rutuba kuliko vidonge, na kwa wastani mwanamke huchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho mpaka kushika mimba, lakini miaka saba si kazi ya sindano moja. Mimi niliishuku ile homa. Niliyasema hayo pale pale, na nilisema kweli, na hakuna aliyeniamini. Kwa nini waniamini? Kwao mimi nilikuwa mtu wa sindano.

Ndipo nilipoamua jambo ambalo halikuwamo katika utafiti wala katika bajeti yake. Nilimwambia tutafute sababu. Mumewe alikubali kupimwa kwanza, na hilo nalikumbuka kwa heshima mpaka leo, maana wengi wa rika lake wangenifukuza. Mbegu zake zilikuwa nyingi na zinakwenda vizuri. Ikabaki picha ya mirija, na hiyo ilibidi twende Unguja.

Tulipanda meli Mkoani usiku, watatu: yeye, mimi na mkwewe, aliyekuja na kikapu cha mikate ya kusukuma na chupa ya chai bila ya kuombwa na mtu. Bibi alilala mapema. Sisi wawili tulikaa nje kwenye upepo, na huko aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani wala kwenye usaili wowote: "Wewe daktari umesomea kuzuia, au umesomea kutafuta?"

Nikamwambia ni elimu moja. Nikamhadithia habari ya John Rock, daktari wa Marekani, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila siku, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu wanawake wasiopata watoto. Mwaka 1944 yeye na msaidizi wake Miriam Menkin walitangaza kuwa wameyarutubisha mayai ya mwanamke nje ya mwili, ndani ya chombo cha maabara. Baadaye akawapa wanawake 80 waliokuwa wakitafuta mtoto homoni za kupumzisha kizazi kwa miezi kadhaa, kisha akawaachisha, na 13 kati yao wakashika mimba. Alipokutana na mtafiti Gregory Pincus, homoni za namna ile ndizo zilizozaa kidonge cha kuzuia mimba, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1960. Kidonge kimetoka katika kliniki ya wanaotafuta.

Akafikiri. "Na walipokijaribu, waliojaribiwa waliambiwa?"

Ningeweza kumpa jibu jepesi. Nikamwambia kweli, kwamba mwaka 1956 kidonge kilipopelekwa Puerto Rico, wanawake waliambiwa kinazuia mimba, hawakuambiwa kuwa bado kiko katika majaribio.

"Basi mie niambie kila kitu," akasema. "Hata kikiwa kibaya."

Asubuhi alipigwa picha katika hospitali moja ya mjini. Dawa inaingizwa kupitia mlango wa kizazi, nayo huonekana nyeupe kwenye filamu. Mirija ikiwa wazi, dawa hupita ikamwagika tumboni kama moshi. Kwake kizazi kilijaa vizuri, pembetatu safi kabisa, na dawa ikakomea kwenye pembe zake mbili. Hakuna kilichopita, si kulia si kushoto. Niliishika filamu mbele ya dirisha muda mrefu, nikitafuta hata uzi mmoja mweupe.

Nilimwambia kila kitu, kama alivyotaka. Mirija imeziba. Ukweli kwamba imeziba kuanzia kizazini pande zote mbili, pamoja na ile homa, unaonesha wadudu waliingia mimba ilipoharibika wakaacha kovu. Sindano haina kosa. Na kwa pale tulipo, sina dawa ya kuifungua.

Halafu nikamwambia lililokuwa gumu zaidi kulisema, kwamba dawa ipo lakini haipo kwetu. Uingereza kulikuwa na mwanamke, Lesley Brown, mwenye maradhi haya haya, mirija imeziba, kahangaika miaka tisa. Patrick Steptoe, Robert Edwards na muuguzi Jean Purdy walilitoa yai lake, wakalirutubisha nje kwa mbegu za mumewe, wakalirudisha kizazini bila ya kupita kwenye mirija. Tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa binti, Louise. Wakati nikiyasema hayo binti huyo alikuwa na miaka 20.

Mkwewe ndiye aliyeuliza. Kwanza: "Halali?" Nikamjibu kuwa Mufti wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, kwamba inajuzu maadamu yai ni la mke, mbegu ni za mume, na ndoa ipo. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza: "Ni magunia mangapi ya karafuu?"

Sikuweza kumjibu. Miaka ile karafuu hazikuwa na bei, na bibi alilijua hilo kuliko mimi. Alimshika mkwewe mkono, akauweka pajani mwake, wakakaa hivyo. Mimi nikatoka nje ya chumba.

Nimefanya tafiti nyingi tangu hapo, za vijiti, za vitanzi, za maradhi ya zinaa yanayoziba mirija ya wanawake wetu kimya kimya. Kila ninapoletewa dodoso jipya naanza kusoma mistari midogo ya kuruka, kuona nani anarukwa.

Tulipokuwa tunarudi melini aliniomba kitu kimoja: niende uani kwao nikawaambie. Siri ya mgonjwa ni yake, kwa hiyo nilimuuliza mara mbili. "Nimeitwa aliyefungwa na sindano miaka saba," akasema. "Natamani kuitwa jina langu."

Siku ya pili yake nikaenda. Majamvi yale yale, karafuu nyengine. Nilikuwa nimepanga maneno yangu, lakini bibi alinitangulia. Alisimama katikati ya ua akasema, kwa sauti ile yake nzito, kwamba picha ameiona kwa macho yake, na kwamba sindano haikumfanya kitu mkaza mwanawe, ni ile homa, na homa ile yeye mwenyewe ndiye aliyeiuguza kwa majani badala ya kumpeleka hospitali. Alipomaliza akakaa, akavuta fungu la karafuu kwake, akaanza kuchambua.

Hakuna aliyesema neno. Nilitoa dodoso lake mkobani, lile lenye alama za vidole vya karafuu. Nikakata kwa kalamu mstari wa kuruka, nikaandika pembeni kwa mkono wangu: Unatafuta mtoto? Tangu lini?

Nikamsomea.

"Natafuta," akasema. "Tangu mfungo mosi, mwaka ilipoharibika ile. Saba hii."

Nikaandika. Mwanamke aliyekaa kulia kwake, niliyeshamwuliza wiki ile na kumwandika ana watoto wawili, akanisogelea akitazama karatasi.

"Na mie niandike hapo," akasema. "Wangu wa mwisho ana miaka tisa, na sijapata mwengine."

Nafasi ya pembeni haikutosha. Nikaligeuza dodoso, nikaandika nyuma.