Namba Tisa Wetu Alivyopata Uwanja wa Kukimbilia

Mwaka 2015 nilikuwa kiungo wa timu ya mtaa wetu, Morogoro, na mbele tulikuwa na kijana ambaye hakuna beki aliyemfikia kwa mbio. Mabao hayakuja. Tulipenda pasi fupifupi, tukawasukuma wapinzani mpaka kwenye boksi lao, naye akabaki amebanwa katikati ya mabeki, kalipa goli mgongo. Mbio zile angezikimbilia wapi?

Jumamosi ya Novemba 28 tulijazana banda umiza kutazama Leicester City na Manchester United. Dakika ya 24 United walipiga kona. Kipa wa Leicester, Schmeichel, akaudaka, akamrushia beki wake Fuchs, Fuchs akapanda nao, kisha pasi moja tu mbele ya mshambuliaji Vardy: bao! Mechi ya 11 mfululizo anafunga, akaivunja rekodi ya Ligi Kuu ya England iliyokuwa ya van Nistelrooy, aliyeiweka akiwa na United hiyohiyo. Leicester ya kocha Ranieri haikuhangaika kumiliki mpira. Iliwaacha wapinzani wapande, maana beki akipanda anaacha uwanja nyuma yake, na hapo ndipo Vardy alipokuwa akila.

Nikamgeukia kocha wetu. "Mwalimu, huyu si sawa na kijana wetu?"

"Unataka tuanze kubutua?"

"Hapana, Mwalimu. Fuchs hakubutua. Alimwona kwanza."

Hakujibu. Lakini mechi iliyofuata alitushusha wote kwenye nusu yetu, mawinga wakaambiwa wakabe kwanza. Mimi nilipewa kazi moja: kabla mpira haujanifikia, niwe nimeshajua kijana anaanzia wapi. Alipenda kusimama begani kwa beki wa kati, kisha anachomoka kuelekea nje ili asiotee. Basi mpira niliupiga kwenye nafasi, si mguuni kwake. Kufika mapumziko alikuwa na mawili, na mabeki wao wanahema.

Kipindi cha pili wakarudi nyuma wote, uwanja ukafungwa. Ndipo nilipomheshimu zaidi Mwalimu: alimhamishia kijana pembeni kulia, ambako beki wao bado alikuwa na tamaa ya kupanda, katikati akaingiza mshambuliaji mrefu. Wao wakapata moja. Dakika za mwisho beki yule akapanda tena, nikampigia kijana mpira nyuma ya beki huyo, akaufuata, akamimina krosi, mrefu akamaliza kwa kichwa. Tatu moja. Bao hilo nalipenda kuliko yale mawili, kwa sababu walikuwa wameshaijua mbinu yetu na bado tulimpata akiwa kwenye mbio.